Nilifuta Ile Video ya Mto wa Samburu

Wiki mbili zilizopita nilifuta video yangu iliyotazamwa kuliko zingine zote. Wengi mmeniuliza kama akaunti ilidukuliwa. Hapana. Nilifuta mwenyewe, saa tano usiku, nikiwa nimekaa kitandani, na maze kidole kilisita, kwa sababu hiyo video ndiyo ilinilipia kodi ya nyumba miezi miwili. Leo naandika badala ya kurekodi. Nikirekodi nitaanza tena kutafuta mwanga mzuri na muziki wa nyuma, na hayo ndiyo yaliyoniingiza kwa hii shida.

Kama hukuiona, ilikuwa hivi. Mwezi wa saba nilienda Samburu na wasee wawili, tukaingia msitu ulio juu ya milima, tukapata mto mdogo wenye maji safi ya kuonyesha mawe chini. Tukaogelea. Halafu tukaufuata kuteremka hadi tambarare, na huko maji yakaisha, yakapotea kwenye mchanga mbele ya macho yetu. Nikasimama pale na simu mkononi nikasema kwa ile sauti yangu ya huzuni: "Huu ndio mto unaokufa jangwani. Maji safi yanapotea bure na hakuna anayejali." Nikaipa kichwa "Paradiso Iliyofichwa ya Kaskazini". Chini nikaweka pini ya ramani, ndio na nyinyi mfike.

Karibu kila neno pale lilikuwa makosa, na nataka niwaelezee kwa nini, kwa sababu nilikosea jiografia kwanza, na mengine yote yakafuata hapo.

Jina la mto sitaliandika. Milima naweza kutaja kwa sababu iko kwa kila ramani: ni Mathews, kaunti ya Samburu. Ukitoka Isiolo unafika Archers Post, unaacha lami, unakata kushoto kuelekea Wamba, na mbele yako kunasimama ukuta mrefu wa milima ya rangi ya buluu. Wasamburu wanaiita Ol Doinyo Lenkiyo. Hilo jina la Mathews lilibandikwa mwaka wa 1888, wakati Teleki kutoka Hungary na mwenzake von Höhnel walikuwa wanapita wakitafuta ziwa ambalo leo tunaliita Turkana. Mathews mwenyewe alikuwa Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa anaongoza jeshi la Sultani wa Zanzibar, na aliwasaidia kuandaa msafara wao. Yaani mlima wa Wasamburu ulipewa jina la mkuu wa jeshi la Zanzibar, kama asante. Nilipojua hiyo stori nilicheka sana. Baadaye nikakumbuka kwamba na mimi nilifika huko mara moja tu, nikaupa mto wa watu jina la "Paradiso Iliyofichwa", na kuna watu wameanza kulitumia. Sikucheka tena.

Sasa, kwa nini kuna mto huko kabisa? Archers Post iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ni joto na vumbi, na mvua yake ni kidogo sana. Lakini kilele cha juu zaidi cha hiyo milima, Warges, kina mita 2,688. Upepo unatoka Bahari Hindi umebeba unyevu, unapita juu ya nchi kame bila kuangusha kitu cha maana, halafu unagonga huo ukuta. Hauna pa kwenda ila juu. Ukipanda unapoa, na ule mvuke unageuka ukungu na mvua. Ndiyo maana unaweza kuwa chini unatafuta kivuli cha mgunga, na ukiangalia juu unaona mlima umevaa kofia ya mawingu.

Huko juu ni nchi nyingine. Kuna mitarakwa mikubwa, kuna podo, na matawi yamening'inia zile ndevu za kijani zinazokamata ukungu na kuudondosha tone kwa tone hata siku ambayo hakuna mvua. Kuna sikadi, ile mimea ya zamani inayofanana na mnazi mfupi mnene, na aina iliyoko huko haipatikani kiasili nje ya Kenya. Jamaa aliyetuongoza alituambia wako pia kima wa De Brazza, wale wenye ndevu nyeupe, ambao makao yao makuu ni misitu ya Congo. Hatukuwaona. Tembo tuliona mavi yao tu, yakiwa bado na mvuke, na hiyo ilinitosha.

Udongo wa huo msitu ni laini, umejaa majani yaliyooza. Mvua ikinyesha haikimbii juu juu kama kwa barabara ya mtaa wetu. Inaingia ndani, inakaa, inatoka polepole kwenye chemchemi hata miezi baada ya mvua kuisha. Huo mto wenyewe si mkubwa. Sehemu nyingi ningeuvuka kwa kuruka bila kulowesha viatu. Kuna mahali unaingia kwenye mwamba na kutengeneza vidimbwi vya kina cha mtu, na hapo ndipo tulipoogelea tukipiga kelele kama watoto.

Ukiufuata kuteremka unaona mambo yakibadilika hatua kwa hatua. Mitarakwa inaisha. Mikuyu inashika kingo. Mwamba unakuwa mawe, mawe yanakuwa kokoto, kokoto zinakuwa mchanga. Halafu migunga, halafu mikoma. Maji nayo yanapungua, yanakuwa kamba, yanakuwa uzi, kama bomba la Nairobi siku ya mgao. Mwisho unabaki na mstari wa mchanga wenye unyevu, na hatua ishirini mbele hata huo unyevu umeisha. Unabaki umesimama katikati ya laga, yaani ule mto mpana wa mchanga usio na maji, jua limekupiga kichwani, na unasema ujinga kama niliosema mimi.

Najitetea kidogo hapa. Shuleni tulifundishwa mto una ujana, utu uzima na uzee. Unazaliwa mlimani, unapinda pinda kwa tambarare, unazeeka, unafanya delta, unaingia bahari ama ziwa. Nilichora huo mchoro mara ngapi sijui, na kupata alama. Kwa hivyo nikikutana na mto ambao haufiki popote, kichwa changu kinasema huu umekufa njiani. Umefeli. Na mimi ni mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili, ile lugha ya "hakufika popote" naijua vizuri, nimeisikia kwa sherehe za kwetu kila Desemba. Bado niliitumia kwa mto bila kufikiria hata kidogo.

Video ikapanda. Mkaniandikia "serikali iko wapi", "wajenge bwawa hapo juu", "hayo maji yaletwe mjini". Niliweka mioyo kwa komenti zote. Mwezi wa nane shule zikafungwa.

Siku moja nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa yule jamaa aliyetuongoza. Ni mpole sana, hata akikasirika anaongea chini. Alisema: "Kaka, hao watu wako wamefika."

Watu wangu. Walikuja na magari matatu na nduthi kadhaa, wakifuata pini. Hawakutafuta mwenyeji, kwani mwenyeji wa nini na simu inaonyesha njia? Walioga na sabuni kwa vile vidimbwi, wakaosha gari kando ya maji, wakaacha chupa na mifuko. Jioni wakawasha spika kubwa mahali ambapo tembo hushuka kunywa. Tembo walikuja, wakasimama gizani, hawakupenda. Hakuna aliyeumia, lakini vijana wa hapo walikesha usiku mzima wakihakikisha wageni hawatoki kwa mahema. Wiki iliyofuata wakaja wengine.

Nikamwomba msamaha kwa simu. Akasema sawa, sawa, kwa ile njia inayomaanisha si sawa. Nikapanda matatu hadi Isiolo, nikaunganisha, nikarudi. Hii ilikuwa mwisho wa mwezi wa tisa, kiangazi kimeshika kabisa, na safari hii sikupanda mlimani. Alinipeleka chini, kwa laga ileile niliyosimama nikisema maji yamekufa. Tulitembea kama saa moja zaidi kutoka pale nilipokuwa nimeishia na kamera.

Nikasikia watu wakiimba kabla sijaona mtu.

Katikati ya mchanga kulikuwa na kisima, shimo lililochimbwa kwa mikono, ndani yake morani wamesimama mmoja juu ya mwingine kama ngazi. Wa chini kabisa anachota, anarusha ndoo juu, wa pili anadaka, anarusha, hadi kwa hori ambalo ng'ombe wanangoja. Wimbo ndio unawapa mwendo, ukikosea mdundo unakosa ndoo. Jamaa yangu akaniambia kila familia ina wimbo wake na ng'ombe wanaujua: wakisikia wa kwao wanasonga mbele, wakisikia wa jirani wanangoja. Sikutoa simu. Nilikuwa nimeambiwa mapema kwamba hapo hapapigwi picha, na kwa mara ya kwanza tangu nianze hii kazi nilifurahi kuambiwa hivyo.

Kando alikuwa amekaa mzee mmoja na fimbo yake. Nikamsalimia, nikajieleza, jamaa yangu akitafsiri pale Kiswahili changu cha Nairobi kilipomchanganya. Nikamwambia mimi ndiye nilisema mto unakufa. Aliniangalia kwa muda, hakukasirika, alionekana ananihurumia.

"Kijana, maji haijakufa," akasema. "Imeingia ndani. Jua ni kali, hata wewe si unaingia ndani?"

Nimesoma kuhusu hilo tangu nirudi, na mzee alisema sayansi yote kwa sentensi tatu. Mchanga si kitu kigumu kimoja, kati ya chembe na chembe kuna nafasi, na hizo nafasi ni kama robo hadi thuluthi ya mchanga wote. Maji ya mlimani yakifika laga yanajaza hizo nafasi na kuendelea kusonga chini kwa chini, polepole. Yakiwa juu, jua lingeyanywa yote kwa siku chache. Yakishazama kama mita moja, jua haliyafikii. Na mchanga unayachuja njiani. Ukambani watu wanajenga mabwawa ya mchanga kwa makusudi ili wapate kitu hichohicho: ukuta mfupi kukata mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake, maji yanajificha humo. Huku mlima na laga zimefanya hiyo kazi bure. Tembo pia wanajua, wanachimba kwa miguu na mkonga, na wanyama wengine wanakunywa kwa mashimo yao.

Kwa hivyo mto niliosema umeisha haukuwa umeisha. Mimi ndiye niliacha kuufuata. Ukiendelea, hizi laga zinakutana. Upande wa magharibi wa milima kuna Seiya inayokwenda kaskazini, inaungana na Milgis, ile laga kubwa inayopita kati ya Mathews na milima ya Ndoto, ikaelekea mashariki hadi jangwa la Kaisut. Hakuna delta, hakuna bahari. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, laga inashuka na ukuta wa maji ya kahawia wa kubeba hata gari, na siku kadhaa baadaye ni mchanga tena. Lakini urefu wote huo kuna watu, mbuzi, ngamia, punda na pundamilia wanaoishi kwa sababu ya yale maji ya chini. Mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, mifugo ilikufa kaskazini nzima, mliona picha. Visima kama hivi vilichimbwa vikaenda chini, chini zaidi, na milima ikawa mahali pa mwisho pa kukimbilia na ng'ombe. Hayo ndiyo maji niliyosema yanapotea bure.

Nilimuuliza mzee kuhusu sabuni na takataka, nikaomba msamaha tena. Akasema sabuni ni mbaya na chupa ni mbaya, lakini hizo wataokota. Kilichomsumbua ni kingine. Baada ya wale wageni alikuja mtu mmoja amevaa vizuri, akauliza ni nani mwenye maji ya huko juu, na kama inawezekana kuweka mabomba kuyachukua, kwa sababu yeye ameona kwa simu kwamba yanapotea tu.

Ameona kwa simu. Sijui ni nani na sijui kama alirudi. Ardhi ya huko ni ya jamii, haiuzwi na mtu mmoja akiwa kwa kiosk, na msitu una sheria zake. Pengine alikuwa mtu wa maneno tu. Lakini maneno yalikuwa yangu. Nilikaa pale kwa mchanga nikasikia sentensi yangu ikirudi kwangu kutoka kwa mdomo wa mzee, na ilikuwa imegeuka kutoka huzuni ya uongo ya video ikawa sababu ya kumnyang'anya mtu maji.

Na hili si jambo la kubuni. Angalieni Ewaso Ng'iro, ule mto mkubwa unaopita Archers Post. Unatoka Mlima Kenya na Aberdare, unapita Laikipia, unafaa kufika hadi kinamasi cha Lorian. Huko juu kuna mashamba na pampu, kila mtu anachota kidogo chake, na kiangazi kikija watu wa chini wanaona mchanga. Kila anayechota akiulizwa atakwambia yaleyale: maji si yanaenda tu? Ndiyo, yanaenda. Yanaenda kwa mtu. Wafugaji wa chini wamekuwa wakitembea na ngamia kando ya huo mto mwaka baada ya mwaka ndio wasikike.

Mimi nimelelewa Eastlands, maji kwetu ni mtungi na foleni. Maji mengi ya Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, kutoka mito mitatu ambayo wengi wetu hatuwezi kuitaja: Thika, Githika na Kayuyu. Hakuna siku niliwahi kuuliza. Kwangu maji ni yale yanayonifikia, na yasiyonifikia yamepotea. Nafikiri hiyo ndiyo akili niliyobeba hadi Samburu, pamoja na chaja na krimu ya jua.

Sasa kuna watu mtasema nimelainika, ati wenyeji pia wanahitaji wageni na pesa zao. Ni kweli, na jamaa yangu ni mmoja wao, kuongoza wageni ndiyo kazi yake. Lakini pini yangu haikumletea mgeni hata mmoja. Ilimruka. Mtu anayepitia kwa mwenyeji anaambiwa wapi pa kuoga na wapi pa kunywa, saa ngapi uondoke tembo wakija, anaacha pesa kwa watu wa hapo. Anayefuata pini haambiwi chochote. Na kuna wale mlioniandikia "ndiyo maana uliacha chuo". Mmenipata, lakini nilikuwa na wasee wawili waliomaliza chuo na wote tuliogelea.

Kuanzia sasa sitaweka pini ya mahali pa maji popote kaskazini. Mkitaka kwenda, nitawaunganisha na waongozaji, kwa ruhusa yao. Na nikisimama tena mbele ya mto, kabla sijafungua mdomo nitauliza unaenda kwa nani, nitembee hata hiyo saa moja zaidi.

Nilipoondoka mzee aliniuliza kama naweza kuitoa ile video kwa simu za watu wote. Nikamweleza kwamba naweza kufuta yangu, lakini walioihifadhi siwezi kuwafikia. Akafikiria, akasema, "Basi waambie."

Ndio hii nawaambia. Kama uliihifadhi ifute, na kama uliisambaza kwa kundi la familia yenu, tuma na hii.